Maliza vyumba viwili kwanza: maswali yenu ya nyumba za kupangisha

Mwezi huu barua na meseji zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: pesa ya kujenga nyumba ya kupangisha itoke wapi, na ikishasimama nani anaishika. Nimechagua sita. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba. Hesabu nimezipiga na kuzirudia, na nyie zirudieni kwa pesa zenu maana chumba cha Kibaha sio chumba cha Tegeta.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibaha, nina kiwanja changu kimepimwa na hati ipo, na kwenye akaunti nina milioni 6. Benki wamekubali kunipa mkopo wa mshahara milioni 30 kwa miaka 7, riba 16%. Nataka nijenge vyumba 6 vya kawaida, choo cha nje, kila kimoja huku kwetu kinapangishwa elfu 70. Mume wangu anasema mkopo utajilipa wenyewe kwa kodi ya wapangaji. Nisaini? Mwalimu, Kibaha.

Marahaba mwanangu. Usisaini kwanza, chukua kalamu.

Milioni 30, riba 16% inayopungua, miezi 84, marejesho yako yanakuja kama 596,000 kila mwezi. Wapangaji wako sita wakilipa wote bila mmoja kukosa ni 420,000. Kwahiyo hata siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri kabisa, hakuna aliyehama, hakuna bomba lililopasuka, bado unatoa 176,000 mfukoni. Hapo mkopo haujilipi, unalipwa na mshahara wako.

Na siku hiyo nzuri haipo. Mimi nimekaa dawati la mikopo miaka 11 kabla sijawa mwenye nyumba mwenyewe, na kitu kimoja nilichokiona kwa karibu kila mteja aliyekuja kuombea kiwanja au nyumba ni kwamba alihesabu mwaka wa miezi 12. Nyumba ya kupangisha ihesabu mwaka wa miezi 10. Miezi miwili iliyobaki mtu kahama na chumba kinapigwa rangi, au dalali bado anatafuta, au mpangaji kaomba avumiliwe mpaka mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi ukafika mara tatu. Sasa vyumba vyako: 420,000 mara 10 ni milioni 4.2 kwa mwaka. TRA wanachukua 10% ya pango, na ni ya pango lote sio ya faida, hiyo 420,000. Weka 480,000 ya matengenezo kwa mwaka, vitasa, bati linalovuja, gari la kunyonya choo (choo kimoja watu sita na familia zao, kitajaa mapema kuliko unavyodhani). Unabaki na milioni 3.3, sawa na 275,000 kwa mwezi. Benki inataka 596,000. Pengo ni kama 321,000 kila mwezi kwa miaka 7, na utakuwa umerudisha jumla kama milioni 50 kwa mkopo wa milioni 30.

Najua utasema benki wameshapima mshahara wangu wakaona unatosha. Wamepima kwamba theluthi moja ya mshahara inabaki kwako, basi. Hawakupima kwamba kwenye hiyo theluthi kuna ada za watoto na mama mzazi kijijini. Walimu wengi wamenilia mbele ya meza wakiwa wamesaini kihalali kabisa, halafu mwezi wa tatu wa mwaka wanakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, kuziba lile pengo, na hapo ndo nyumba inapopotea.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Acha vyumba sita vya choo cha nje. Jenga viwili tu, kila kimoja chumba na sebule na choo chake ndani, kwasababu mpangaji mwenye choo chake anakaa muda mrefu na kodi yake iko juu. Ulizia hapo hapo Kibaha, kama inapangishwa 120,000 basi viwili ni 240,000. Weka milioni 6 yako, kopa milioni 8 tu kwa miaka 4 kwa riba hiyo hiyo, marejesho ni kama 227,000. Kwa mwaka wa miezi 10, ukitoa kodi ya TRA na matengenezo ya 240,000, unabaki na 160,000 kwa mwezi. Pengo ni 67,000. Hilo mshahara unaweza kulibeba bila mtoto kurudishwa shule. Baada ya miaka 4 mkopo umekwisha, hati iko kabatini kwako, na vyumba viwili vinaingiza pesa ya kuanzia vingine viwili kwenye kiwanja hicho hicho. Mwambie fundi tangu mwanzo achore ramani nzima ya kiwanja ili shimo la choo na njia ya maji visije vikabomolewa baadae.

Mambo mawili ya kuuliza benki kabla ya kalamu. Kwanza, riba ni ya kupungua au ni ya mlalo, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote mpaka siku ya mwisho? Watu wanadharau hili swali. Kuna wanaokopesha mtaani wanakwambia 3% tu kwa mwezi. Ukikopa milioni 5 kwa mwaka kwa 3% ya mlalo utarudisha milioni 6.8, na ukiigeuza kuwa riba inayopungua ni zaidi ya 5% kwa mwezi, kwasababu mwezi wa 11 deni limebaki dogo ila riba unalipa ile ile ya siku ya kwanza. Pili, marejesho yanaanza lini? Mkopo wa mshahara unakatwa mwezi unaofuata wakati nyumba yako bado ni msingi. Toa marejesho ya miezi sita kwenye hesabu ya ujenzi uyaweke pembeni, milioni 1.36 kwa mkopo wa milioni 8. Kama ujenzi haukamiliki baada ya kuitoa hiyo, basi ramani bado ni kubwa, ipunguze.

Na mzee wa nyumbani asome hii jibu. Simkosoi, hesabu aliyopiga ndo hesabu wanayopiga watu wote.

Assalam alaykum dada. Nafanya kazi za ndani Muscat mwaka wa sita huu. Kaka yangu ananijengea Tanga nyumba ya vyumba vitano ya kupangisha, kila nikituma anasema pesa imeisha kwenye nondo au saruji, sasa limesimama boma halina bati tangu mwaka juzi. Ananiambia nitume kubwa moja aezeke yote. Mkataba wangu huku umebaki mwaka mmoja. Nitume? Dada wa Tanga.

Waalaykum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma, maana miaka sita ya mikono yako imekaa pale kwenye mvua.

Boma lisiloezekwa linaharibika. Tanga ni pwani, hewa ina chumvi, zile nondo zilizochomoza juu ya nguzo zinakula kutu, na maji yanayoingia juu ya kuta yanalegeza tofali hasa kama zilifyatuliwa kwa saruji kidogo. Kwahiyo kabla ya kutuma chochote, tafuta mtu ambaye sio kaka yako wala rafiki wa kaka yako, fundi mkuu au injinia wa hapo Tanga, umlipe wewe mwenyewe moja kwa moja akapime boma akuandikie: ukuta uko salama au hapana, lenta (lile zege la kufunga kuta juu ya milango na madirisha) imemwagwa au haijamwagwa, na kumaliza upande mmoja tu wa vyumba viwili kunahitaji nini. Bati ngapi, mbao ngapi, milango mingapi, mifuko mingapi ya lipu na sakafu. Nataka idadi, sio jumla ya pesa. Ukishakuwa na idadi unaweza kupiga simu duka la vifaa mwenyewe ukauliza bei.

Alafu hiyo kubwa moja ya kuezeka yote usiitume. Vyumba vitano vyenye bati na havina milango wala sakafu havipangishwi. Vyumba viwili vyenye bati, dari, mlango, sakafu, umeme na choo vinapangishwa mwezi huo huo. Najua upauaji wa nusu nyumba fundi atakwambia haupendezi, na kweli haupendezi, ila inafanyika, mnaacha sehemu ya kuunganishia. Mwaka mmoja uliobaki Muscat elekeza hapo tu. Ukirudi unakuta vyumba viwili vina watu na kodi inaingia kwa jina lako, hata kama kodi hiyo ni ndogo, ni tofauti kubwa sana na kurudi ukiwa na boma la vyumba vitano na huna mshahara.

Kuhusu kaka yako mimi siwezi kusema amekula au hajala, simjui. Inawezekana kabisa ni mwaminifu na hajui kujenga, bei za saruji zinapanda na fundi anamdanganya yeye. Kwahiyo usianze kwa kugombana. Anza kwa kubadilisha njia ya pesa: unalipa duka, duka linapeleka mzigo saiti, kaka anapokea na kupiga picha mzigo na risiti, fundi analipwa kwa hatua iliyokwisha. Kaka mlipe posho yake ya usimamizi kila mwezi, kidogo lakini ya wazi. Hapo wengi tunakosea, tunamfanyisha ndugu kazi ya miaka sita bure kwasababu ni ndugu, naye anajilipa anavyojua yeye.

Swali ambalo hukuniuliza: kiwanja kimeandikwa jina la nani? Kama karatasi ya mauziano ina jina la kaka, basi nyumba ni ya kaka, na akifa kesho ni ya mke wake na watoto wake, utabaki kuomba mashahidi. Lirekebishe hili wakati mnapatana. Kama inabidi asaini vitu kwa niaba yako, nenda ubalozi wetu hapo Muscat uandikiwe hati ya uwakilishi, na iandikwe kazi maalum, mfano kufuatilia upimaji na hati, kupangisha vyumba. Usimpe mtu yeyote uwakilishi wa kuuza.

Kaka mimi niko Mbagala, baba alifariki akaacha nyumba ya vyumba vitano vya wapangaji, mimi ndio naisimamia na dada zangu watatu wameolewa. Kuna LUKU moja kila siku ugomvi. Na mpangaji mmoja ana miezi minne hajalipa, nataka nimfungie kufuli nimtolee vitu nje. Naweza? Mrithi, Mbagala.

Mimi ni dada, lakini haidhuru. Swali lako lina maswali matatu ndani yake na la kufuli ndo dogo kuliko yote.

Kufuli hapana. Ukimfungia, ukamkatia umeme, ukang'oa bati au ukatupa vitu vyake, kesho yeye ndo mlalamikaji na wewe ndo unaitwa kituoni, na akisema kwenye godoro kulikuwa na laki tano utalipa. Mwandikie notisi ya maandishi, taja miezi anayodaiwa na siku ya mwisho, nakala mpelekee mwenyekiti wa mtaa, mwambie agonge muhuri kwamba ameipokea. Mara nyingi mtu akiona muhuri analipa nusu au anahama usiku, na akihama usiku mshukuru Mungu, usihangaike kumfuata kwa deni. Asipohama, Baraza la Kata watawasuluhisha, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kata kazi yao ni usuluhishi tu hawatoi hukumu, usuluhishi ukishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndo maana mkataba wa maandishi unalipa, hata wa ukurasa mmoja. Bila mkataba utaanza kuthibitisha kwamba chumba kilikuwa elfu ngapi.

Sasa la pili, kubwa. Wewe unasimamia nyumba ya baba kwa karatasi gani? Kama mahakama haijakuteua msimamizi wa mirathi basi huna nguvu ya kumtoa mpangaji mjanja, atakwambia mwenye nyumba alikuwa mzee wako. Kaeni kikao cha ukoo, pelekeni muhtasari mahakamani, uteuliwe rasmi. Na ukiteuliwa, ile kodi sio yako. Ni ya warithi wote, dada zako kuolewa hakujawatoa kwenye mirathi. Nimeona nyumba nyingi za Mbagala, Buguruni, Magomeni zikiuzwa kwa bei ya kutupa kwasababu kaka mmoja alikula kodi miaka kumi mpaka dada wakasema bora iuzwe tugawane. Nunua daftari. Andika kilichoingia, kilichotoka, wewe jilipe posho ya usimamizi mliyokubaliana, kinachobaki mgawane kwa mafungu yenu kila miezi sita na kila mtu asaini. Dada akiona laki mbili zake kwa mwaka hatokuwa na haraka ya kuuza.

La LUKU. Njia bora ni kila chumba mita yake, na kuna faida ambayo watu hawaioni: mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwekwa kwenye ile tarifu nafuu, lakini familia tano mkishea mita moja mtazidi hizo uniti siku za mwanzo tu za mwezi na wote mnalipa bei ya juu. Mita tano pesa haipo? Fungeni mita ndogo za ndani, fundi umeme anazifunga kila chumba, kila mtu anasoma alichotumia na mnagawana kwa namba. Sio kwa kukisia nani ana friji na nani anapiga pasi.

Na kuna kodi ya jengo humo humo kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, ghorofa ni kwa kila sakafu na ni zaidi. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kwahiyo kila mwezi kuna mpangaji wako mmoja anakulipia kodi ya baba yako, na ile elfu moja na mia tano ndo inazaa kununiana. Ikate kwenye kodi yake ya chumba, 18,000 kwa mwaka. Ukija kuweka mita nyingi, nyumba moja inatakiwa ilipiwe kwenye mita moja tu, ukiona zote zinakatwa nenda ukalalamike zitolewe.

Kitu cha mwisho kwako na kwa wenye nyumba wote mnaochukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ile pesa inaonekana nyingi siku ya kwanza. Sio yako yote siku hiyo, miezi mitano mbele bado hujaiuza, mtu anaweza kuumwa akahama na akadai salio lake. Mimi nikipokea ya miezi sita naiweka akaunti ya nyumba peke yake na najitolea mwezi mmoja mmoja kama mshahara. Na siku hizi nakubali miezi mitatu, wakati mwingine mwezi kwa mwezi kwa mtu niliyemzoea, maana nimeona mpangaji mzuri mwenye kazi ya kueleweka anashindwa kupanga kwasababu tu hana ya nusu mwaka, na anayeweza kutoa ya nusu mwaka sio lazima awe ndo mzuri.

Hello dada, mimi na mchumba wangu tumepata kiwanja Chanika milioni 8, muuzaji ana haraka anauguza, anasema tuandikishane serikali ya mtaa leo leo na kuna mwingine anakuja jioni. Dalali ni mtu wa hapo hapo. Tufanyeje?

Mwacheni huyo mwingine wa jioni anunue.

Mwaka 2009 na mimi niliambiwa kuna mwingine anakuja jioni. Dalali alikuwa mtu wa hapo hapo, mama yake nilimsalimia. Tukaandikishana kwa mjumbe, nikalipa, nikaweka msingi wa vyumba vinne. Baada ya miaka miwili wakaja watu wakaupiga alama ya X, kumbe kiwanja chote kiko ndani ya hifadhi ya barabara kuu. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mimi nilikuwa nimenunua mita ya kumi na tano. Sikulipwa kitu, maana aliyejenga kwenye hifadhi hadai fidia. Dalali simu haikupatikana tena. Msingi ule mpaka leo nikipita naugeuzia uso upande wa pili.

Kwahiyo nendeni taratibu. Mkiwa na namba ya kiwanja na kitalu, nendeni halmashauri idara ya ardhi mkaangalie mchoro, hapo makazi au ni shule, soko, barabara. Kama kina hati, mfanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, utaona jina la mmiliki na kama kiko rehani benki. Kama hakijapimwa, ulizeni majirani wote wanne, sio mmoja, na wao wawe mashahidi wa mipaka. Muuzaji akiwa na mwenza, mwenza asaini, nyumba au kiwanja cha familia hakiuzwi na mmoja. Akisema ni cha marehemu baba, mwombe karatasi ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mkataba uandikwe na wakili, serikali ya mtaa washuhudie, na ile 10% wanayodai baadhi ya mitaa haipo kwenye sheria, viongozi wa juu wameshaikataza mara nyingi. Pesa ipite benki, sio kwenye mfuko wa plastiki.

Na nyie bado ni wachumba. Andikeni majina yote mawili na kila mmoja alichotoa. Sikutakieni mabaya, ila barua za waliovunja uchumba wakiwa na kiwanja cha pamoja ninazo nyingi.

Nina nyumba ya chini Sinza, msingi ulijengwa imara sana, fundi anasema naweza kupandisha ghorofa moja juu nipate apatimenti mbili. Itapunguza gharama ya kununua kiwanja kipya. Unaonaje?

Fundi anasema. Injinia amesema nini? Msingi wa nyumba ya chini haukupigiwa hesabu ya kubeba zege la sakafu ya pili, hata kama ni imara. Dar es Salaam tumeshazika watu kwa majengo yaliyoanguka, mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013, Kariakoo Novemba 2024. Ajiri injinia aliyesajiliwa, achimbe pembeni ya msingi auone, apime, akuchoree, na uchukue kibali cha ujenzi kwa ramani hiyo. Akisema hapana, kubali hapana yake.

Akisema ndiyo, basi kumbuka sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, kwahiyo baadae ukitaka kuuza apatimenti moja ubaki na nyingine inawezekana, lakini panga mapema ngazi, tenki la maji na choo ni vya nani na nani anavilipia.

Mama mimi kijana wa miaka 24, nafanya delivari na bodaboda, nimeweka milioni 2. Kila mtu ananiambia nyumba ndo mtaji. Milioni 2 nianze wapi? Dereva, Mwanza.

Hongera mwanangu, milioni 2 kutoka kwenye bodaboda najua zina jasho.

Usikubali kununua kipande cha kiwanja mbali ambacho huwezi hata kukilinda, ukaenda baada ya miaka mitatu ukakuta mtu kapanda mihogo na nyumba juu yake. Milioni 2 bado ni ndogo kwa ardhi ya kupangisha, ila sio ndogo kwa kazi nyingine. Kuna mifuko ya UTT, ya uwekezaji wa pamoja ambapo watu wengi wanachangia na pesa inawekezwa kwa niaba yao, wa Umoja upo tangu 2005, na kuna wa Ukwasi ambao pesa yako unaitoa ukiihitaji bila kusubiri mpangaji. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, unaweza kuanza na milioni 1, Benki Kuu inaziuza kwa mnada na riba inaingia kila miezi sita. Watumishi Housing nao wana mfuko wa pamoja unaoitwa Faida Fund tangu mwaka 2022. Riba ya vitu hivi inabadilika kwahiyo ulizia ya leo, ila hakuna gari la kunyonya choo na hakuna miezi miwili ya chumba kitupu.

Weka huko huku unaongeza. Wakati huo jiulize kama pikipiki ni yako au unapeleka hesabu kwa tajiri. Kama unapeleka hesabu kila siku, nyumba yako ya kwanza ni pikipiki. Piga mwenyewe: hesabu ya siku mara siku 26 mara miezi 12, linganisha na bei ya pikipiki dukani. Ukipata jibu nitumie, nitakujibu toleo lijalo pamoja na yule wa Dodoma anayetaka kujenga hosteli ya wanafunzi, nafasi yake imeisha leo.